Mkanda Ambao Sikuufunga

Mpanda, 4 Mei 1978

Mpendwa Bi Felista,

Pokea salamu za fundi anayesoma safu yako kila gazeti linapoletwa na treni, hata likiwa la wiki tatu nyuma. Naomba unisaidie, na naomba unisome hadi mwisho kabla hujaniona mtu mbaya, maana jambo lenyewe nimelibeba miaka minane na hata mke wangu Emerensiana halijui.

Mimi naitwa Makarius, nina miaka arobaini na moja, ufundi nilijifunzia kwenye malori ya mgodini hapa Mpanda kabla mgodi haujafungwa, kwa hiyo lori nalijua kama mtu anavyojua chumba chake gizani, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia, kwa sababu mwaka 1968 rafiki yangu Mwalimu Melkior, mkuu wa shule kule Usevya, aliachiwa gari dogo la Kitaliano na mzungu mmoja mjenzi aliyekuwa anarudi kwao, gari la rangi ya maziwa, na tangu siku ya kwanza akasema hakuna mkono mwingine utakaoligusa isipokuwa wangu.

Mwezi Juni 1970 Mwalimu alirudi kutoka Dar es Salaam na mkanda mpya wa mpira, umefungwa kwenye karatasi ya kaki. Akaniambia, "Makarius, fundi wa kule amenieleza kwamba mkanda wa injini hii una muda wake. Ndio unaozifungulia valvu kwa zamu. Ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni zinagonga valvu, na injini imekwisha. Naomba unifungie huu."

Bi Felista, malori niliyoyajua mimi kazi hiyo yanaifanya kwa gia za chuma, na mkanda wa mpira wenye meno ndani ya injini nilikuwa sijauona hata siku moja, nikafungua kifuniko cha mbele, nikaona magurudumu yenye meno juu na chini, yana alama ndogondogo nisizojua kuzisoma, nikafahamu kwamba nikiutoa mkanda wa zamani na magurudumu yale yakacheza kidogo tu, sitajua kuyarudisha, na Mwalimu alikuwa amekaa pale nje anaongea na watu, anawaambia hakuna fundi kama huyu kuanzia hapa mpaka Sumbawanga, nami nikatazama ule wa zamani nikaona bado una sura nzuri, nikarudisha kifuniko, nikafuta mikono, nikatoka nikamwambia, "Tayari, Mwalimu." Nilitakiwa kusema "Mwalimu, hili silijui," maneno matatu tu, nikashindwa.

Mkanda mpya niliuficha kwenye sanduku la vyuma nyumbani. Mke wangu aliwahi kuuona akauliza ni wa nini, nikamwambia ni wa mashine ya kusaga.

Miezi minne baadaye Mwalimu akaugua ini, na mwezi wa kumi na moja tukamzika. Gari likasukumwa ghalani, likapandishwa juu ya magogo, likafunikwa mikeka, na likakaa humo na magunia ya mpunga hadi mwaka huu. Kwa sifa alizonipa marehemu nilipata wateja wengi, nikafungua gereji yangu, na hadi leo mtu akitoka Usevya au Ikola anaambiwa aende kwa yule fundi wa Mwalimu.

Sasa sikiliza kilichonifanya niandike. Mjane wake, Natalia, ambaye ni shemeji yangu kwa urafiki ule, ana mtoto mmoja tu, Josephina, mwenye miaka ishirini na minne. Amemaliza ukunga Tabora na amepangiwa zahanati ya Kapalamsenga, kule ziwani, anatakiwa kuripoti tarehe moja Agosti. Kule uchungu ukimkwama mama, gari la kumpandisha mlima hadi hospitali ni la kubahatisha, kwa hiyo Natalia ameamua kumpa mwanawe gari la baba yake, na kuliamsha ameniita mimi.

Nilikwenda wiki iliyopita na betri ya lori. Tukaondoa mikeka. Nikafungua boneti, na shemeji akasimama karibu yangu akasema, "Angalia unachotaka, shemeji, lakini huko mbele usijichoshe. Marehemu aliniambia kitandani, gari ni zima, Makarius alishabadilisha mkanda, mtoto akikua mpe."

Nikafunga waya za betri. Josephina alikuwa ameshaketi mbele, ufunguo uko mkononi, ananitazama kupitia mlango ulio wazi.

"Baba mdogo, niwashe?"

Nikaona mkono wake unazunguka. Nikasema, "Subiri kwanza," nikachomoa waya kabla ufunguo haujafika, nikasema betri imekufa, nitarudi na nyingine. Betri ilikuwa nzima. Huo ukawa uongo mwingine juu ya ule wa kwanza, nikapanda lori nikarudi Mpanda.

Kutoka Usevya ili afike ziwani ni lazima akate pori la Katavi, halafu Mpanda, halafu ateremke mlima. Nimefikiria kurudi kimyakimya na kuufunga ule mkanda niliouficha, maana haujatumika hata siku moja, na hakuna atakayejua. Nimefikiria pia kusema naumwa, watafute fundi mwingine, lakini mwingine ataambiwa mkanda ni mpya naye hataufungua. Na nimefikiria kusema ukweli, lakini nikimwona shemeji akilitaja jina la marehemu, ulimi unakuwa mzito, na nikisema, gereji yangu nayo itaitwa gereji ya nani?

Nifanye lipi kati ya hayo?

Fundi Makarius

*

JIBU LA BI FELISTA

(Barua hii niliijibu kwa posta wiki ileile niliyoipata, kwa sababu gari lisingengoja zamu ya gazeti. Naichapa leo, pamoja na jibu langu na barua iliyofuata, kwa idhini ya Makarius, Natalia na Josephina.)

Ndugu Makarius,

Nimekusoma hadi mwisho kama ulivyoomba, tena mara mbili. Sikuoni mtu mbaya. Nakuona mtu mwenye haya, na haya hiyo umeilea miaka minane mpaka imekuwa kubwa kuliko wewe.

Lakini usinisikie nikikubembeleza tu. Ulikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu, mkanda mpya uko mkononi, na rafiki yako amekukabidhi gari linalobeba mke na mtoto wake. Ukaona bora wao wabahatishe roho zao barabarani kuliko wewe kuonekana hujui kitu kimoja. Najua hukuyawaza hivyo siku ile. Ndivyo ulivyotenda, hata hivyo, na ni vizuri mtu mmoja akuambie kwa Kiswahili cha wazi. Kuna jambo moja tu linalokutetea, nalo ni kwamba ulichomoa ule waya. Mtu asiyejali angeacha ufunguo uzunguke.

Haya yako naielewa, kwa sababu mimi nilipoanza kazi hapa nilikaa miezi mitano nikijifanya najua hesabu za kupanga kurasa. Siku niliyosema sijui, mzee wa chapa alinifundisha kwa dakika ishirini. Miezi mitano kwa dakika ishirini. Wewe yako ni miaka minane.

Sasa tuje kwenye gari. Mimi magari najua kupanda tu, kwa hiyo nilikwenda kwa Gaudensi, mwenye gereji nyuma ya ofisi yetu. Haya ya Kitaliano ameyafungua tangu yalipoanza kushushwa bandarini. Nilimsomea bila kutaja jina lako. Nilipofika penye mkanda uliouficha, akanikatiza.

"Mwambie huo asiufunge," alisema. "Mpira unazeeka hata ukiwa umelala kwenye karatasi. Mmoja miaka minane sandukuni, mwingine miaka minane ghalani, yote miwili ni mizee."

Umesikia? Ile njia yako ya kimyakimya ingetoa mkanda mzee na kuweka mkanda mzee, na binti wa watu angeondoka akiamini amesalimika.

Gaudensi anasema usiguse starta kabisa kwa sasa. Anza kwa kutoa kifuniko cha mbele na kuutazama mkanda kwa macho na vidole: kama una nyufa kwenye mizizi ya meno, kama umekuwa mgumu au unang'aa, kama umeloa oili. Ila hata ukiuona mzuri, usiuamini, unabadilishwa tu. Kisha toa plagi zote, tia oili kidogo katika kila tundu, uache siku mbili au tatu, kwa sababu injini iliyolala miaka minane inaweza kuwa imeshika kutu ndani. Baada ya hapo tia sipana kwenye bolti kubwa ya krenki, mbele ya injini, uzungushe kwa mkono, polepole, kwa upande uleule ambao injini huzunguka. Ikigoma, acha, ongeza oili, ngoja tena. Usiilazimishe.

Ikizunguka vizuri, zilete alama za magurudumu yote mahali pake ndipo utoe mkanda. Gaudensi amekuchorea karatasi niliyoiweka humu ndani, na kila alama ameipigia mshale. Kagua pia gurudumu dogo linalokaza mkanda. Likilia au likicheza, nalo libadilishwe. Ukishafunga mkanda mpya, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, uangalie kama alama zimerudi palepale. Zisiporudi, umekosea, anza upya, na hakuna aibu. Ndipo umwage petroli yote ya zamani, oili na maji, ukague breki na mipira yote, na mwisho kabisa ndipo ufunguo. Mkanda mpya Gaudensi atautafuta kwa wakala, atautuma kwa treni.

Hayo ni ya injini. Yanayobaki ni magumu zaidi, na hayo hayana mchoro.

Utasema ukweli. Tena utasema kabla ya kushika sipana, si baada ya kumaliza kazi wakati gari linanguruma na wote wanafurahi, maana hapo utakuwa unatafuta kusamehewa kwa bei rahisi. Usimwambie Natalia kwamba mkanda wa zamani ulikuwa bado mzuri. Usimwambie ulikuwa na kazi nyingi. Mwambie: sikujua, nikaona haya, nikamdanganya mumeo. Halafu nyamaza, umwache aseme atakavyo, na kama hatasema chochote, kaa hapohapo. Josephina naye awepo. Yeye ndiye atakayeendesha, na mwenye gari asiyejua ukweli wa mkanda wake hawezi kujua lini aubadilishe tena.

Kuhusu gereji yako, sina la kukuahidi. Huenda wengine watahama. Lakini usiniulize mimi itaitwa gereji ya nani wakati kuna wanawake wa Kapalamsenga watakaopandishwa mlima ndani ya gari hilo.

Na mwambie mkeo kwanza, leo, kabla hujafunga safari. Mkanda wa mashine ya kusaga, kweli.

Felista

*

Mpanda, 13 Agosti 1978

Bi Felista,

Nimeona nikuandikie mwenyewe jinsi ilivyokuwa.

Emerensiana nilimwambia jioni ileile niliyopata barua yako. Alikwenda kwenye sanduku, akautoa mkanda akaupima mkononi. Akasema, "Kumbe ndiyo maana hukutaka kukaa matanga ya Mwalimu mwaka ule." Nilikuwa nimesahau kwamba aliliona hilo. Akanifungia nguo za safari.

Nilifika Usevya asubuhi. Shemeji alikuwa anapeta mchele nyuma ya nyumba, Josephina anafua. Nikawaomba waache kazi, nikasema kama ulivyoniambia, sikuongeza neno. Ungo ukabaki magotini kwake.

Akauliza, "Kwa hiyo Agosti ile aliponipeleka Sumbawanga, nilipokuwa naumwa, ulikuwa ni ule wa zamani?"

"Ndiyo, shemeji."

"Na Josephina alikuwa kiti cha nyuma."

"Ndiyo."

Akaweka ungo chini, akaingia ndani akafunga mlango. Mimi nikakaa. Sijui ni saa ngapi nilikaa, jua lilinikuta nikahamia kivulini, likanikuta tena. Mwisho alikuja Josephina. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ya kawaida.

"Baba mdogo, huo mchoro uko wapi?"

Tukaingia ghalani. Tukatoa kifuniko. Kwa macho tu mkanda ulionekana si mbaya, ila Josephina alipopitisha ukucha kwenye mizizi ya meno tukaona nyufa jino hadi jino, na sehemu mbili meno yalikuwa yameanza kubanduka. Nikatia oili kwenye matundu ya plagi, tukaacha siku tatu. Siku ya nne nikatia sipana, injini ikagoma. Nilitaka kuongeza nguvu, Josephina akanishika mkono. "Kwenye ukunga tumekatazwa kuvuta," alisema. "Tungoje." Tukaongeza oili, tukangoja siku mbili zaidi, na asubuhi ya tatu yake ikalegea, ikazunguka kama kitu kinachojinyoosha.

Mkanda wa Gaudensi ulikuwa umechelewa njiani, nikarudi Mpanda kuusubiri wiki tano. Nilipouleta Usevya, shemeji alitoka na kigoda chake, akakiweka mbele ya gari. Tangu siku ile alikuwa ananipa chakula bila kukaa nami.

"Nionyeshe hizo alama," alisema. "Safari hii nitaona mwenyewe."

Nikamwonyesha moja moja kwenye karatasi na kwenye chuma. Nilipozungusha mizunguko miwili, alama ya juu ilipishana na mahali pake kwa jino moja. Yeye ndiye aliyeiona. Nikasema, "Nimekosea, naanza upya," na Bi Felista, sikufa. Mara ya pili zikarudi zote.

Tulimwaga petroli, tukabadilisha oili na mpira mmoja wa rejeta uliokuwa umepasuka, nikafungua breki zote nne. Josephina akawasha tarehe ishirini na mbili Julai. Mara ya kwanza ilikohoa, ya pili ikatoa moshi mwingi tukakimbilia nje ya ghala, ya tatu ikatulia. Shemeji alisikiliza, mkono uko juu ya boneti. Halafu akaniambia tule, na safari hii akakaa. Alisema, "Sijakusamehe bado, Makarius. Lakini kula."

Ndani ya mfuniko wa buti tumebandika karatasi yenye tarehe ya mkanda na majina yetu watatu.

Nilimsindikiza Josephina mwenyewe, pori lote na mlima wote, nikisikiliza injini mpaka masikio yakauma. Tuliwasili Kapalamsenga salama. Wiki ya kwanza tu ameandika kwamba amempandisha mama mmoja wa Ikola ambaye mtoto wake alikuwa amekaa vibaya tumboni. Wote wawili wazima.

Hapa Mpanda habari imeenea, kwa sababu niliisema mwenyewe gerejini. Wateja watatu sijawaona tena. Jumatano akaja dereva mmoja anaitwa Ambrosi, na lori la aina mpya, pampu yake inavuja dizeli. Nikainama nikaitazama. Zamani ningeingia chini na sipana na kubahatisha.

Nikamwambia, "Pampu ya namna hii sijawahi kuifungua. Nipe siku chache nimwandikie fundi wa Tabora anayeijua, au ulipeleke kwake."

Akanitazama kidogo, akazima injini, akaniachia ufunguo.

Makarius